Barazani kwa Bibi: Mkienda baharini na sisi mtubebe

Assalaam aleykum wasomaji wangu, na habari za huko mliko. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, likizo ya Disemba, wajukuu wanakuja Tanga, wengine wanatoka Dar wengine Arusha, na wazee huku tunafua mashuka na kuhesabu magodoro. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa, mtanivumilia.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala ila kwetu ni Tanga, Makorora. Kila Disemba tunakuja kwa wazazi mimi na kaka zangu wawili na wake zao, ukihesabu na watoto tunafika watu 13. Mwaka jana tulikodi kosta tukaenda Raskazone kuogelea, mama akasema nendeni tu wanangu, miye magoti hayanipi, nitabaki niwapikie. Tuliporudi magharibi tukamkuta amelala kwenye mkeka pale jikoni, pilau lishafunikwa, akaamka akatuuliza, "Mmefurahi?" Bibi lile swali halijanitoka mpaka leo. Mwaka huu nataka tuende nae lakini najua atakataa tu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mama akisema nendeni tu, nakuomba uelewe kitu kimoja, bahari anaitaka sana, anachoogopa ni kuwa mzigo, kwamba mtamngoja, mtamshika mkono, watoto watakosa raha kwa ajili yake. Na sie kina mama wa huku tumezoea kujificha nyuma ya sufuria, ukibaki na chungu hakuna anayekuuliza kwa nini umebaki. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumuondolea hilo sufuria. Usiku wa kuamkia matembezi nyie wenyewe mpike, wewe na wakaza mwana wenzio na hao kaka zako pia wamenye vitunguu, hawatakufa, au kama pesa ipo agizeni mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga, mbebe na chai kwenye chupa, basi. Akiamka asubuhi akute hakuna kazi ya kumbakisha nyumbani.

Na usimuulize "mama utaenda?" Hilo swali jibu lake unalijua. Mwambie mama kesho tunakwenda, nikupigie pasi gauni lipi? Yani mpe kitu cha kuchagua ambacho ndani yake kwenda kumeshakubalika.

Sasa magoti. Ngazi ya kosta iko juu sana kwa mtu mzima, chukueni kigoda kidogo cha jikoni akanyage hapo kwanza, halafu akae kiti cha mbele kwa dereva asiruke ruke huko nyuma. Kule ufukweni msimkalishe kwenye mkeka, kukaa anaweza, kuinuka ndo shughuli, na mzee hapendi kuinuliwa na watu wawili mbele za watu. Bebeni kiti cha plastiki chenye mikono ili ajisukume mwenyewe.

Halafu choo. Hili watu hawalisemi ila mimi nitalisema. Wazee wengi tukitoka safari hatunywi maji kwa sababu hatujui choo kiko wapi, tunakaa juani midomo imekauka, ukifika mchana kichwa kinazunguka, watu wanasema bibi kaanguka presha imepanda kumbe ni kiu. Mmoja wenu atangulie, akague choo, kama kinapitika na kama kuna maji, kisha amnong'oneze mama kabla hajauliza. Utaona atakavyokunywa maji kwa amani. Kama anatumia ile dawa ya presha inayokojoza, muulizeni daktari wake siku ya safari ainywe saa ngapi, msimwachishe kwa akili zenu. Na kama ana sukari asikae na njaa kungojea mishikaki yenu iive.

Jambo lingine ni maji ya bahari, na hapa mama yako anajua kuliko nyie wote kwa hiyo mpeni yeye apange siku. Watu wa bara wanakuja Raskazone saa 4 asubuhi na taulo begani wanakuta bahari imekwenda zake, matope na mawe tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu, yani maji yanapwa sana na kujaa sana, asubuhi kwenye saa 4 maji yamepwa kabisa, yanajaa alasiri kama saa 10. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu na saa zinageuka, yanajaa asubuhi kwenye saa 4 hivi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ndo maana sie tuliokulia huku tunakumbuka kwamba Idd ndogo siku zote ni ya kuogelea alasiri, inaangukia mfunguo mosi mwezi umeandama jana yake, watoto wanatoka kupokea mkono wa Idd, wanakula, wanalala kidogo, wakiamka bahari imejaa inawangoja, wakati Idd ya kuchinja inakuja mwezi ukiwa na siku 10, karibu na maji mafu, bahari haipwi sana wala haijai sana. Mzee akimweleza mjukuu hivyo kisha wakaenda wakakuta ni kweli, mwanangu we, yule mtoto hatamsahau bibi yake.

Nikuambie kilichotokea kwetu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshapita miaka 75, mzaliwa wa hapa hapa Tanga, na alikuwa hajakanyaga bahari miaka sijui mingapi maana kila siku ni yeye anayebaki. Idd pili tukamchukua. Tukaweka kiti chake pale maji yanapoishia, mjukuu wake wa miaka 6 akamshika kidole, sio mkono, kidole hiki cha shahada. Wimbi la kwanza likamfika kwenye vifundo, akapandisha kanga kidogo. La pili likafika karibu na magoti akaachia kanga ikalowa, akainama akateka maji kwa kiganja akajipaka magotini taratibu, kwanza la kulia halafu la kushoto, kisha akaonja yale yaliyobaki kwenye vidole. Akasema, "Ni ile ile." Hatukumsemesha. Alikaa pale mpaka tukaona jua linateremka, mtoto kashamwacha kaenda kucheza karudi kamshika tena kidole.

Kwa hiyo mwanangu mchukueni. Ila akisema amechoka saa 9, mtu mzima mmoja apande nae bajaji arudi nae, wengine mbaki bila manung'uniko. Nusu siku ya furaha inamtosha. Mkimlazimisha mpaka usiku mwakani atakataa kweli kweli. Na sala msisahau, adhuhuri ikimkuta hapo hapo pawe na maji ya udhu na mkeka safi ambao haujamwagiwa soda.

Salaam dada. Mimi ni babu, naishi Ngamiani, nina miaka 71, nilifanya kazi ya mkonge mpaka nikastaafu. Wajukuu zangu wanatoka Arusha, mkubwa ana 15 mdogo 8. Wakija ni simu tu. Mwaka juzi niliwapeleka Mapango ya Amboni nikasema hapa watafurahi, tulipofika ndani njia ikawa nyembamba kuna mahali mtu anainama mpaka chini nikashindwa nikarudi kukaa nje peke yangu, wakatoka wanamsifia yule kijana anayetembeza wageni. Niliumia kidogo. Nifanye nini ambacho mimi nitakuwa nao, na pesa ya pensheni ni hiyo hiyo unayoijua?

Waaleykum salaam kaka yangu. Pole, na nakuelewa sana, kukaa nje ya pango unasikia sauti za wajukuu wako zinapotea ndani sio kitu kidogo.

Amboni rudini, ila safari hii hadithi yote waimalizie kwako kabla ya mlango. Ni kilomita 8 tu kutoka mjini, mfike mapema, mkae chini ya mti, uwaambie habari za Osale Otango na mwenzie Paulo Hamisi, walivyokuwa wakijificha mle miaka ya 1950 serikali ya mkoloni inawasaka, wewe ulikuwa mtoto mchanga lakini ulikua unazisikia kwa wakubwa wako, zisimulie kwa sauti ile ile ulivyosimuliwa. Waambie na ule uvumi wetu kwamba pango linatokea Mombasa, wengine wanasema linatokea Kilimanjaro, halafu waulize wao wanaamini au hawaamini. Wabishane. Ndipo uwaambie kwamba lilipopimwa mwaka 1994 lile refu kuliko yote lilionekana ni kama mita 900 tu. Ingia nao ule ukumbi wa mwanzo ambao ni mpana, mkiwa na tochi, njia ikianza kubana wakabidhi kwa kijana, kisha wewe toka ukawangojee na machungwa ya Muheza umeshayamenya. Watoke waje kukuhadithia wewe. Mtoto akimhadithia babu alichokiona hapo tayari mko pamoja.

Ila kwa magoti ya umri wetu mimi ningekushauri zaidi Tongoni. Iko njia ya Pangani, kama kilomita 17 kutoka mjini, pametulia, ardhi tambarare, mibuyu, upepo wa bahari, kuna gofu la msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yana zile nguzo zake. Unatembea kwa mwendo wako hakuna anayekukimbiza. Huyo wa miaka 15 keshasoma habari za Vasco da Gama darasani, mwambie basi ni maeneo haya haya ya Mtangata walipopita, na mwaka 1499 wakati wanarudi kwao walikosa mabaharia wa kutosha wakaichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwenye mafungu ya hapa kwetu. Mtoto anabaki anaangalia bahari kwa jicho jingine. Na wafundishe adabu ya makaburini, wasikae juu ya kaburi kupiga selfi, wasalimie kwanza, hilo hakuna wa kuwafundisha zaidi yako.

Halafu kaka una hazina umeikalia. Mkonge! Nenda nao pembeni ya shamba, omba ruhusa, waonyeshe jani, waguse ule mwiba wa nchani, waeleze korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, inavyofanya kazi, kelele zake, ile harufu ya maji ya mkonge inayobaki kwenye nguo hata ukifua, singa zikianikwa juani jinsi zinavyong'aa. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani anaitwa Hindorf, akasafirisha miche 1,000 kutoka Florida huko Marekani, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe pale Pangani, na kutokana na ile 62 mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa inatoa tani karibu 230,000. Wajukuu wako wamesomeshwa na hiyo kamba, wazazi wao walilipiwa ada na hiyo kamba, na hawajawahi kuigusa. Waambie hivyo hivyo kama ninavyokuandikia.

Simu usiigombeze, utashindwa. Mpe huyo mkubwa kazi, mwambie mjukuu wangu nirekodi nikieleza, uliza maswali. Utashangaa. Na utani wetu usiuache, huyo mdogo kama ni wa kike si mkeo? Muulize mahari yake mbuzi wangapi, mwambie umeshaanza kufuga, atacheka mpaka Arusha. Watoto wanaokulia mjini huo utani hawaupati kwa mtu mwingine.

Bibi mwenzangu, mimi niko Pangani. Mwanangu kila likizo ananiletea watoto wanne mwezi mzima, ananiachia elfu ishirini anasema mama utawaona tu. Nawapenda wajukuu zangu Mungu ni shahidi lakini nachoka, na kuwatembeza hata kuvuka kivuko kwenda Bweni nashindwa kwa sababu pesa imeishia kwenye unga.

Bibi mwenzangu, hapa sitazunguka. Elfu ishirini kwa watoto wanne mwezi mzima haitoshi na mwanao anajua. Mpigie kabla hajakata tiketi, sio wakishafika, wakishafika huwezi kumfukuza mtoto. Mtajie hesabu kwa kila kitu, unga, mchele, mafuta, sabuni, nauli, na useme na ya matembezi iwe humo, hata kama ni mara moja kwa wiki kuvuka mto na kununua muhogo wa kukaanga upande wa pili. Mwambie pia wasije bila dawa zao kama kuna mwenye pumu, na kadi ya bima kama wanayo. Na useme wazi unaweza wiki ngapi. Wiki mbili ukiwa na nguvu ni bora kuliko nne umenuna. Wakiwepo wafanye kazi, wa miaka 10 anaweza kukuna nazi na kufagia uwanja, na alasiri ukilala walale au wakae kimya barazani.

Na nyie wazazi mnaosoma hapa, bibi hajalipwa mshahara. Tuma pesa ya kutosha, na siku ya mwisho wa likizo usije saa 12 jioni unakimbilia basi la asubuhi. Watu wanatutania Tanga waja leo waondoka leo, sasa msije mkafanya kweli kwa mama zenu.

Shikamoo Bibi. Mama mkwe wangu ni mtu mzuri sana ila tukienda kwake Muheza anawapa watoto visheti, kashata na soda kuanzia asubuhi, chakula hawali. Nikisema anasema mumeo nilimlea hivi hivi.

Marahaba mkwe. Usiseme wewe, aseme mumeo, kwa upole na mkiwa hamna wageni. Mwache bibi abaki na kitu kimoja ambacho ni chake, visheti baada ya chakula cha mchana kwa mfano, akiwagawia kwa mkono wake, na soda iwe ya siku ya matembezi tu. Ukimnyang'anya vyote atajiona hana cha kuwapa wajukuu, na kwa bibi hilo ni zito. Ila kama mtoto ana ugonjwa au kuna chakula kinamdhuru, hapo useme wazi siku ya kwanza mlangoni, hakuna haya katika hilo.

Bibi shikamoo, mimi ni mjukuu, nina miaka 24. Babu yetu alikuwa mvuvi Pangani sasa ana miaka 80 anasema kabla hajafa anataka kukiona kisiwa cha Maziwe tena. Familia nzima tunakuja Disemba tuko kama 15. Wengine wanasema ni hatari tusimpeleke. Wewe unasemaje?

Marahaba mume wangu, maana mjukuu wa kiume ni mume. Mpelekeni, kwa masharti.

Maziwe inaonekana maji yakipwa, yakijaa inazama, kwa hiyo tafuteni siku za bamvu ambapo maji yanapwa asubuhi, mtoke mapema. Disemba ni kaskazi, mara nyingi alasiri upepo unachafuka, nyie adhuhuri muwe mmesharudi nchi kavu. Boti iwe kubwa yenye kivuli, na kila mtu avae boya la kujiokolea, babu nae, na najua atakataa, atasema nimevua miaka 40 sijavaa hayo. Wewe vaa la kwako kwanza mbele yake halafu mshikie la kwake bila kusema neno. Pale ni hifadhi, lipeni ada, msiokote kitu.

Kupanda boti ndo pagumu, maana mnaingia majini mpaka magotini. Vijana wawili mfunge mikono kama kiti, akae, mumpandishe kwa mara moja. Asikae omo, kule mbele kunarusha, mkalisheni tezi, huko nyuma karibu na mshika usukani, na huyo nahodha mwambieni mapema kwamba huyu mzee alikuwa mvuvi ili amsemeshe mambo ya bahari njia nzima. Daktari amuone wiki ile kabla, na siku yenyewe kama ana homa au bahari imechafuka mnaahirisha hata kama mmeshalipa. Wanaobaki, wale wenye watoto wachanga na bibi kama yupo, waende Ushongo wakae chini ya minazi. Mayai ya kasa wanaotaga Maziwe huwa yanahamishiwa huko kwa sababu mchanga wa kisiwani unafunikwa na maji, ulizeni wenyeji, mkibahatika mnakuta vitoto vya kasa vinaachiwa kwenda baharini, na watoto wenu watapiga kelele mpaka msikie mkiwa kwenye boti.

Kitu kimoja mjiandae nacho. Babu yako aliijua Maziwe yenye miti, mimi pia nimeiona nikiwa msichana mdogo, ilikuwa na mivinje unaiona kutoka mbali, wavuvi wanapumzika kivulini wanachoma samaki. Kufika miaka ya 1980 miti yote ilishakwisha, bahari imekula, kimebaki fungu la mchanga mweupe. Sijui kama ameshaambiwa au anaikumbuka ile ya zamani. Mwambie nyumbani kabla, polepole, mkiwa wawili. Na mkifika mwacheni asimame kidogo, msimkimbilie na simu. Halafu uniandikie, nataka kujua alisema nini.